Uondoaji wa NDMA majini kwa mwanga wa urujuanimno

Uondoaji wa NDMA kwa mwanga wa urujuanimno ni njia ya kusafisha maji kwa kuvunja molekuli za nitrosodimethilamini (kifupi NDMA), kemikali inayoweza kutokea maji yanapotiwa dawa ya kuua vijidudu.

Chanzo na madhara

Klorini huwakinga watu dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo. Hata hivyo, ikikutana na mabaki ya mimea na uchafu majini huzaa kemikali nyingine. Mwaka 1974 Johannes Rook, mkemia wa Rotterdam, Uholanzi, alionyesha kwamba klorofomu hutokea hivyo. NDMA hutokana zaidi na kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia. Wataalamu wa saratani wanaiweka NDMA kati ya vitu vinavyoelekea kusababisha ugonjwa huo kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi nanogramu 100 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Utendaji

Kwa kuwa ni ndogo na haina chaji, sehemu ya NDMA hupenya hata tando za osmosisi ya kinyume, ambako maji husukumwa kwa shinikizo kupitia utando. Udhaifu wake ni kwamba hufyonza mwanga. Taa za mvuke wa zebaki hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, ambao hukata kifungo kati ya atomi zake mbili za naitrojeni. Hivyo sumu huvunjwa, haibaki kwenye chujio ikisubiri kutupwa. Kazi hiyo hula umeme mwingi: kuondoa asilimia 90 ya NDMA huhitaji takriban milijuli 1,000 kwa sentimita ya mraba, ilhali kipimo cha kawaida cha kuua vijidudu ni 40.

Matumizi

Huko Orange County, California, NDMA iligunduliwa visimani mwaka 2000. Mtambo uliofunguliwa huko mwaka 2008 husafisha majitaka kwa uchujaji, osmosisi ya kinyume, kisha urujuanimno pamoja na hidrojeni peroksaidi, kabla ya kuyarudisha ardhini. Tangu 2023 unaweza kutoa takriban mita za ujazo 492,000 kwa siku.

Mipaka

Klorofomu haivunjiki kwa urahisi kwa mwanga huu. Tena mwanga haubaki majini. Mabomba bado huhitaji klorini au kloramini, na NDMA inaweza kuzaliwa upya njiani. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kupunguza uchafu unaoizaa kabla dawa haijatiwa, bila kuiacha dawa yenyewe.