Kasongo na Duru ya Wodi: Sura Moja katika Historia ya Mafunzo ya Udaktari Kongo

Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, hutajwa zaidi katika historia ya misafara. Njia iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupita Kabambare, ndiyo iliyokifikisha Kiswahili Kasongo, mji wa Tippu Tip, kabla haujatekwa na majeshi ya Leopold wa Pili mwezi Aprili 1893. Ni wachache wakumbukao kwamba katika mji huohuo, miaka themanini hivi baadaye, utaratibu mzima wa kumfunza daktari ulitiliwa shaka.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa kawaida. Chini ya utawala wa Wabelgiji, Wakongo waliishia ngazi ya udaktari msaidizi. Mlango wa udaktari kamili ulifunguliwa na Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichoanzishwa mwaka 1954. Baada ya masomo ya darasani mwanafunzi alizungushwa hospitalini katika idara nne za lazima: magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Macho, ngozi, masikio na mengineyo yalipewa muda mfupi, au yaliachwa yawe hiari. Mtindo huu, uliorithiwa kutoka Ulaya, una hoja nzito, kwani hakuna kitabu kiwezacho kuufundisha mkono kupapasa tumbo la mgonjwa. Hata hivyo umejengwa juu ya dhana isiyotamkwa, kwamba wodi ni kioo cha jamii inayoizunguka.

Kasongo ilikivunja kioo hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, timu ya Wazaire na Wabelgiji, ikiungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ilianza kuipanga upya huduma ya afya ya wilaya hiyo. Miongoni mwa wenye fikra hiyo walikuwa Pierre Mercenier na Harrie Van Balen. Vilijengwa vituo vya afya, kila kimoja kwa watu wapatao 10,000, na muuguzi ndiye aliyempokea mgonjwa kwanza, akifuata maelekezo yaliyoandikwa na kukubaliwa na timu nzima. Hospitali ilibakizwa kwa wale tu ambao kituo hakingeweza kuwahudumia. Kwa hiyo kazi ya daktari ikabadilika. Ilimbidi atoke wodini, aketi kando ya muuguzi kijijini, asome madaftari, aulize kwa nini mama fulani aliyeanza kliniki ya wajawazito hakurudi. Hakuna hata idara moja kati ya zile nne iliyokuwa imemfundisha hayo.

Mwaka 1988 Wim Van Lerberghe na Pangu walichapisha uchunguzi wa namna mtandao wa vituo ulivyobadili sura ya wagonjwa waliolazwa hospitalini. Maradhi yaliyoweza kutibiwa kituoni yalipungua vitandani. Maana yake kwa mwalimu wa tiba ni kubwa kuliko inavyoonekana: mwanafunzi anayehesabu maradhi ya wodi anahesabu pia umbali, nauli na ubora wa kituo kilicho karibu. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100 za barabara mbovu. Kutokuwapo kwa mgonjwa wa Kabambare wodini Kasongo si ushahidi kwamba Kabambare ni wazima.

Mfano mwingine ni surua. Uchunguzi wa Kasongo uliotolewa katika jarida la Lancet mwaka 1981 uliwafuatilia watoto wa miezi 7 hadi 35. Waliochanjwa walinusurika zaidi mwanzoni, lakini faida hiyo ilionekana kupungua kadiri walivyokua, kana kwamba kifo kimeahirishwa tu. Peter Aaby, aliyefanya utafiti Guinea-Bissau, aliipinga tafsiri hiyo kwa nguvu, na ushahidi uliokusanywa baadaye umekuwa upande wake. Lakini swali lenyewe lisingezaliwa wodini, ambako mtoto akishapona hutoweka machoni pa daktari.

Jambo la lugha nalo lisipuuzwe. Jalada la mgonjwa liliandikwa kwa Kifaransa. Maumivu yalielezwa kwa Kiswahili cha Maniema, kile wageni walichokiita Kingwana. Daktari kijana aliyesomea Kinshasa, mwenye Kifaransa na Kilingala, alihitaji kujifunza upya kuuliza «unaumwa wapi», na zaidi kuelewa jibu.

Wazo la kumtoa mwanafunzi hospitalini halikuzaliwa Maniema. Makerere ilikuwa na kituo cha Kasangati tangu mwaka 1959, ambako wanafunzi wake walijifunza afya ya jamii. Tofauti ni kwamba Kasangati iliongezwa pembeni mwa mafunzo, ilhali Kasongo iliuliza hospitali yenyewe ni ya kazi gani. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni 306 za afya, na Kasongo ilikuwa mojawapo ya mahali palipolitangulia wazo hilo. Kila zoni ilihitaji daktari mkuu, aghalabu kijana, awezaye kumpasua mama usiku na kusimamia vituo vyake mchana. Vita vya 1996 na 1998 viliharibu mengi ya yaliyojengwa. Kabambare leo ni zoni yenye hospitali yake, na daktari anayepelekwa huko bado amepitia kwanza idara zilezile nne.