Kiwanja cha Maskini: Siku 12 za Mgomo Mkuu wa Mombasa

Tarehe 13 Januari imewadia tena na kupita, na katika mji wa Mombasa, ambao tangu kale umekula kwa jasho la makuli na mahamali wake, ni wachache mno walioikumbuka siku hiyo ya mwaka 1947, ambapo wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka chini mizigo na nyundo, wakaiacha bandari ya Kilindini kimya.

Dhiki iliyowafikisha hapo haikuzuka ghafla. Makuli waligoma mwaka 1934 walipopunguziwa ujira, na wakagoma tena mwaka 1939. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili, bei za vyakula na nguo zikapanda, na vyumba vya mtaa wa Majengo vikajaa watu pomoni, ilhali mshahara ulikuwa ule ule wa kumtosha mtu mmoja asiye na mke wala mtoto.

Basi asubuhi hiyo wa bandarini waligoma pamoja na wa reli, wa mahotelini na watumishi wa majumbani, na kila siku halaiki yao ikakusanyika katika uwanja walioupa wenyewe jina la Kiwanja cha Maskini. Makhan Singh, katika historia yake ya vyama vya wafanyakazi iliyochapishwa mwaka 1969, na mwanahistoria Frederick Cooper baada yake, wanatuonyesha kwamba hapo ndipo ulipozaliwa umoja wa wafanyakazi wa Kiafrika, uliokuja kuongozwa na kijana Chege Kibachia. Na bara na pwani, Mswahili, Mmijikenda, Mkikuyu na Mjaluo, wakawa kaumu moja.

Madai yao yanastahili kusomwa polepole. Walitaka mtu alipwe sawa na mwenziwe wa kabila lolote afanyaye kazi ile ile. Walitaka posho ya wake na watoto. Walilalamikia dharau waliyotendewa kazini. Na zaidi ya yote waliwashutumu waajiri kwamba humwacha Mwafrika katika ufukara kwa makusudi, ili asipate kamwe nafasi ya kuiacha kazi yao. Sidhani kama ubepari wa kikoloni umepata kuelezwa kwa insafu kuliko hivyo, na walioueleza hawakuhitaji kuazima fikra za Ulaya. Waliyasema waliyoyaona gatini.

Serikali iliuita mgomo huo haramu, ikaleta askari. Mwisho wake alikuja Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, akawasihi warudi kazini kwa ahadi ya kuundwa baraza la kuyapima madai yao, na baada ya siku 12 wakarudi. Baraza hilo liliongozwa na Jaji Ransley Thacker, naye ndiye aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta na wenziwe kule Kapenguria. Nyongeza zilitolewa; walakini katika miaka iliyofuata wakubwa walijitahidi kumtenga mfanyakazi wa mwezi na kibarua wa siku, wasije wakasimama tena uwanja mmoja.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1947 Kibachia alikamatwa, akahamishiwa Kabarnet, Baringo, mbali na bahari na wenziwe. Mwezi huo huo Makhan Singh alirejea kutoka India, akaiendeleza kazi ya kuwaunganisha wafanyakazi huko Nairobi, hata naye akafungwa mwaka 1950.

Uhuru umekuja, makontena yamechukua nafasi ya magunia, na bado yuko mtu aajiriwaye kwa siku, aachishwaye bila ya taarifa, asiyejua kesho atakula nini. Kwa hiyo ni aibu kwetu kuwafundisha watoto majina ya magavana, tukawanyima jina la Kibachia. Vyama vya wafanyakazi na wakuu wa mji na waifanye tarehe 13 Januari kuwa siku ya kukutana, na jambo la kwanza litakalojadiliwa liwe ni ujira wa kibarua.