Motokaa ya Nyikani na Uzito wa Mzigo Wake

Kwa karne nyingi msafiri aliyetoka pwani ya Afrika ya Mashariki kwenda bara hakuwa na haja ya kuumiza kichwa katika kuchagua chombo cha safari. Mbung'o alikwisha kumchagulia. Farasi na ng'ombe wa kukokota walioingia katika misitu ya mdudu huyo walikufa kwa nagana, wakabaki watu. Kwa hiyo hema, sufuria, vitambaa, shanga na baruti vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili au pungufu kidogo. Kambi ilihama kwa miguu ya wale wale walioijenga.

Motokaa ilipotokea, watu wengi walidhani kwamba mpagazi amepata mrithi. Walakini palikuwa na tofauti moja kubwa ambayo haikutiwa maanani upesi. Mpagazi hula nafaka inayolimwa njiani, na akikosa nafaka hununua muhogo. Motokaa hunywa petroli, na petroli haioti porini. Kila debe la petroli lililotakiwa mbele ya safari lilipaswa kubebwa na mtu, au na mnyama, au na motokaa yenyewe; na motokaa ikilibeba, hutumia sehemu ya petroli hiyo kwa sababu ya uzito wa petroli hiyo hiyo. Hesabu hii ndiyo iliyotawala historia yote ya kuchagua magari ya safari ndefu, hata pale ambapo wachaguzi wenyewe walidhani wanachagua nguvu, fahari au jina.

Mfano wa kwanza ulianzia Dar es Salaam. Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa Mjerumani aliyeitwa Paul Graetz aliondoka mjini humo kwa motokaa, nia yake ikiwa ni kulivuka bara mpaka pwani ya Atlantiki. Gari lake lilitengenezwa kwa ajili ya safari hiyo na kiwanda cha Gaggenau, Ujerumani. Liliinuliwa juu ya ardhi kuliko motokaa za siku hizo, likapewa magurudumu makubwa yapate kupanda visiki na kuvuka mito. Kwa macho ya mhandisi lilikuwa gari bora. Kila kilichoweza kufikiriwa kilifikiriwa. Ila lilikuwa peke yake duniani. Silinda za mtambo wake zilipoharibika mapema katika safari, hapakuwa na nyingine mfano wake karibu kuliko Ujerumani, ikambidi Graetz kuketi na kungoja meli.

Petroli nayo ilitangulizwa njiani na kuwekwa akiba mahali mbalimbali. Madebe mawili ya petroli yana uzito unaokaribia mzigo wa mpagazi mmoja. Basi wapagazi, ambao motokaa ilidhaniwa imekuja kuwapumzisha, waliibebea motokaa chakula chake. Graetz aliwasili Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, baada ya miezi 20 na zaidi, katika mwendo wa kilometa 9,500 hivi. Mtu mwenye miguu mizuri angeweza kutembea masafa hayo kwa muda huo, tena bila kungoja silinda. Ushujaa wa Graetz haukanushiki. Lakini gari lake lilithibitisha kwamba chombo kisichokuwa na ndugu njiani ni chombo yatima.

Katika mwaka 1924 safari mbili kubwa zilianza karibu wakati mmoja, na kila moja ilijibu swali la Graetz kwa namna yake. Wafaransa wa Citroën walijibu kwa fedha na mpango. Magari yao 8 hayakuwa na magurudumu nyuma, bali mikanda ya mpira iliyozunguka juu ya vigurudumu vidogo, ubunifu wa Adolphe Kégresse, aliyewahi kutumikia karakana ya Tsar Nicholas wa Pili wa Urusi, ambako theluji ndiyo iliyokuwa adui. Kilichofaa juu ya theluji kilionekana kufaa juu ya mchanga: magari ya namna hii yalikwisha kuvuka Sahara kutoka Touggourt mpaka Timbuktu baina ya Desemba 1922 na Januari 1923. Sasa, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, mwezi wa Oktoba 1924, kila moja na nembo yake ubavuni na tela lake nyuma. Walipofika Kampala waligawanyika mafungu manne: moja likashika njia ya Mombasa, moja ya Dar es Salaam, moja ya Msumbiji, na moja ya Cape Town. Safari ikamalizikia Madagaska katika 1925.

Ilikuwa kazi ya kusifiwa, na picha zake zilisaidia kuuza motokaa Paris. Lakini mikanda ilikwenda polepole, na nyuma ya ufanisi wote palikuwapo akiba zilizotangulizwa njiani kwa gharama ya kampuni kubwa. Mtu binafsi hakuweza kuiga.

Jibu la pili lilitoka Cape Town tarehe 23 Septemba 1924. Meja Chaplin Court Treatt, mkewe Stella na wenzi wao waliondoka na magari mawili ya Crossley ili wafike Cairo. Crossley ilikuwa gari lililokwisha kujulikana: majeshi ya anga ya Uingereza yaliitumia katika Vita Kuu ya Kwanza, na Court Treatt mwenyewe alikuwa mtu wa majeshi hayo. Alichagua alichokifahamu, na hilo si kosa. Kilichowashinda ni maji. Masika ya Rhodesia yaligeuza udongo kuwa uji, magari mazito yakazama mpaka ekseli, na kwa wiki nyingi safari ikawa ni ya kamba, makoleo na mikono ya watu. Waliingia Cairo tarehe 24 Januari 1926, yaani baada ya miezi 16. Msomaji wa habari zao hushangaa jinsi motokaa ilivyosukumwa, kuvutwa na kuvushwa. Mara nyingine husahau kwamba kazi yake ilikuwa kuchukua watu.

Mtu aliyelifanya jambo hili kuwa elimu alikuwa Ralph Bagnold, ofisa wa mawasiliano wa jeshi la Uingereza aliyepelekwa Misri katika 1926. Yeye na rafiki zake walipenda kutumia likizo zao katika jangwa la Libya, kwa fedha zao wenyewe. Umaskini huo, ukilinganishwa na hazina ya Citroën, ulikuwa neema. Hawakuweza kuagiza gari maalumu wala kuweka akiba jangwani. Iliwapasa kuchukua kila kitu tangu mwanzo mpaka kurudi. Kwa hiyo swali lao lilikuwa hili: ni gari gani lenye uzito mdogo kabisa linaloweza kubeba petroli na maji ya kutosha kwenda mbali kabisa?

Walichagua Ford: kwanza Model T, kisha Model A. Model T iliundwa Marekani katika 1908 kwa ajili ya watu wa mashambani ambao barabara zao zilikuwa matope na makorongo. Ilisimama juu juu, haikufika uzito wa tani moja, na kwa kuwa zilitengenezwa zaidi ya milioni 15, vipuri vyake havikuwa haba wala ghali. Wenye cheo waliidharau. Bagnold hakuidharau, aliipunguza. Bodi ya kiwanda iliondolewa, mahali pake likawekwa sanduku jepesi la mbao, na kila ratili iliyookolewa ikawa ratili ya petroli au ya maji.

Maji ndiyo yaliyomshughulisha zaidi, maana rejeta inayochemka humwaga mvuke, na mvuke ule ni maji ya kunywa yanayopotea. Alitoa bomba kutoka rejeta akaliingiza katika kopo lenye maji kidogo ubavuni mwa gari. Mvuke ulipita humo ukapoa na kuwa maji tena. Kopo lilipoanza kuchemka, dereva alisimama, akaligeuzia gari kwenye upepo, akangoja. Mtambo ulipopoa, rejeta ilifyonza maji yake yote na kuyarudisha. Kwa kifaa hiki ambacho fundi yeyote wa bati angeweza kukitengeneza, gari lilisafiri siku nyingi bila kuongezwa maji.

Mchanga laini nao ulipata dawa yake. Katika duka la vyuma chakavu mjini Cairo vilipatikana vipande vya chuma vilivyopindwa kama mifereji, vilivyokusudiwa wakati wa vita kuezekea mahandaki. Vikilazwa mbele ya magurudumu yaliyozama, gari lilipanda juu yake na kutoka. Dira ya sumaku ilidanganywa na chuma cha gari, kwa hiyo Bagnold alitengeneza dira ya jua, iliyosomeka kwa kivuli cha sindano. Na upepo wa tairi ulipunguzwa mchangani ili tairi itandaze mguu wake, kama ngamia anavyofanya bila kufundishwa. Kwa vitu hivi, na bila magurudumu manne ya kusukuma, waliingia katika Bahari Kuu ya Mchanga, mahali palipodhaniwa kwamba motokaa haina njia.

Elimu hii ya likizo ilitakiwa ghafla. Mwaka 1939 Bagnold alikuwa melini akielekea Kenya kwa kazi ya jeshi. Meli yake ikagongana na nyingine katika Mediterania, akateremka Misri, na huko akabakizwa. Katika 1940 aliunda kikosi cha kusafiri mbali jangwani nyuma ya majeshi ya Italia. Alichagua malori ya Chevrolet, ya biashara ya kawaida, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Mwaka uliofuata kikosi kilipewa Ford zilizosukumwa na magurudumu yote manne. Kwa akili ya haraka hayo yalikuwa maendeleo. Lakini zilikuwa nzito zaidi na zilikunywa petroli nyingi mno, hata masafa ambayo doria iliweza kwenda bila akiba yakafupika. Katika 1942 kikosi kilirudia Chevrolet. Watu ambao uhai wao ulitegemea chaguo hilo waliona afadhali kuchimba mchanga kwa koleo mara kadhaa kwa siku kuliko kuishiwa petroli mahali pasipo mtu.

Baada ya vita ilikuja Land Rover, iliyoonyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa adimu Uingereza. Dhiki ikaipa wepesi. Sifa yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kwamba mtu mwenye spana chache aliweza kuifungua na kuifunga tena kando ya njia. Hapa Afrika ya Mashariki palikuwa na ushahidi mwingine ambao wapenzi wa magurudumu manne hawapendi kuukumbuka: katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963, yaliyomalizwa na magari 7 tu kati ya 84 kwa sababu ya matope, la kwanza lilikuwa Peugeot 404, gari la familia.

Wanafunzi 6 wa Oxford na Cambridge walichagua Land Rover mbili walipoondoka London mwezi wa Septemba 1955 kwenda Singapore, wakapita Burma kwa barabara ya wakati wa vita iliyokuwa ikimezwa na msitu, wakafika mwezi wa Machi 1956. Moja ilikuwa ya buluu nzito na iliitwa Oxford. Nyingine, ya buluu nyepesi, iliitwa Cambridge. Oxford ilifanya kazi nyingine baadaye na mwisho wake ikaachwa katika kisiwa cha Saint Helena. Ililetwa Uingereza ikiwa imeoza, ikatengenezwa, na katika mwaka 2019 ikaondoka Singapore kurudi London kwa njia ya nchi kavu. Ilikuwa na umri wa miaka 64, na ilifika.