Kukatikiwa na Pombe

Kuna maradhi ambayo mgonjwa haji nayo hospitalini, yanamkuta akiwa kitandani. Aliletwa kwa sababu ya paja lililovunjika kwenye ajali ya bodaboda katika barabara ya Embu kwenda Meru, au nimonia, au ngiri iliyohitaji kupasuliwa. Siku ya kwanza anazungumza vizuri na wenzake wa vitanda vya jirani. Usiku wa pili jasho linalowesha shuka na mikono inatetemeka. Siku ya tatu anang'oa mpira wa dripu, anapangusa wadudu wasioonekana mkononi, anamwita muuguzi kwa jina la mkewe na kumtaka amfungulie mlango akakame ng'ombe. Jamaa waliokuja saa ya kuona wagonjwa wananong'onezana kuwa amerogwa, au kwamba dawa za hospitali zimemvuruga akili. Yote mawili si kweli. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka umekaa siku tatu bila tone.

Hali hii Kiingereza huitaja kwa neno lenye maana ya kujitoa au kuondoa, na wanaotafsiri neno kwa neno hutuandikia «uondoaji wa pombe». Msomaji wa Kiswahili atadhani hiyo ni kazi ya kuhamisha chupa kutoka dukani. Vipeperushi vya afya vimefanya vizuri zaidi kwa kusema «dalili za kuacha pombe», na watu wengi wanaelewa. Hata hivyo nadhani maneno hayo yana kasoro inayoweza kumgharimu mgonjwa.

Kuacha ni tendo la hiari. Mtu huacha pombe kwa kuwa ameokoka, au ameapa mbele ya wazazi, au amechoka na madeni ya baa. Huyu wa paja lililovunjika hakuacha kitu. Ukimwambia jamaa yake kwamba ana dalili za kuacha pombe, atakujibu, na kwa haki, kwamba hajawahi kuacha hata siku moja. Muuguzi naye anayesoma «kuacha» katika faili anaweza kuiona kama habari njema.

Kuachisha ni jambo jingine. Mtoto huachishwa ziwa polepole, huku akipewa uji badala yake. Ndivyo afanyavyo daktari: hutoa diazepamu, dawa inayogusa mahali palepale katika ubongo panapoguswa na pombe, kisha huipunguza siku hadi siku. Kuachisha pombe, basi, ni jina zuri la tiba. Ugonjwa wenyewe unahitaji jina lake, na kitenzi kinachoufaa ni kukatikiwa: jambo linalomfika mtu bila yeye kulitaka, la kitu alichokitegemea kukatika ghafla. Ningependa kuona kwenye faili za wodi zetu maneno «ugonjwa wa kukatikiwa na pombe». Mtu wa pwani angeweza kusema «kutindikiwa», na ni kitenzi chenye nguvu, ila mkulima wa Runyenjes au Nkubu aliyejifunza Kiswahili shuleni na sokoni hakitumii, na istilahi ya wodini lazima imfae yeye.

Lipo pia neno la mitaani, arosto, lililoota mizizi pwani miongoni mwa watumiaji wa heroini na sasa linasikika hata bara. Silidharau, mgonjwa akisema ana arosto, msikilize. Lakini arosto hubeba wazo la uchu na mateso, na mateso ya heroini, makali yalivyo, ni nadra kuua yenyewe. Kukatikiwa na pombe kunaua. Anayeisikia hali hii kama kiu tu atamwambia mgonjwa avumilie.

Sababu iko kwenye ubongo. Pombe hutia nguvu kemikali ya kutuliza iitwayo GABA na kuzima kemikali ya kuchangamsha iitwayo glutameti. Ubongo unaonyweshwa kila siku hujirekebisha: hupunguza usikivu wake kwa ile ya kwanza na kuongeza mapokezi ya ile ya pili, ili mtu aweze kutembea na kufanya kazi akiwa amekunywa. Pombe ikikatika, marekebisho hayo hubaki peke yake. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, mikono inatetemeka, usingizi unatoroka. Madaktari walichelewa kukubali jambo hili. Mwingereza Thomas Sutton alieleza mtetemo na kuweweseka kwa walevi mwaka 1813, lakini kwa zaidi ya karne wengi waliendelea kulaumu sumu ya pombe yenyewe, au lishe mbaya. Mwaka 1955 ndipo utafiti uliofanywa Lexington, Kentucky, kwa watu walionyweshwa pombe kwa wiki nyingi kisha wakakatiwa, ulipoonyesha wazi kwamba kinachodhuru ni kule kukatika.

Saa zake zinajulikana, na muuguzi azijuaye huhesabu tangu mgonjwa aliponywa mara ya mwisho, wala si tangu alipolazwa. Mtetemo, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza baada ya saa 6 hadi 24. Degedege huja zaidi kati ya saa 12 na 48, na huwapata hata watu wasio na kifafa. Ni vibaya mno mtu kutoka hospitalini na jina la kifafa ambalo si lake. Kuweweseka kwenyewe, pamoja na homa na kutojua mahali alipo, huja kwa kawaida baada ya saa 48 hadi 96. Zamani hatua hiyo ya mwisho iliua hata mgonjwa mmoja kati ya watatu. Kwa tiba na uangalizi mzuri hawafiki watano kati ya mia.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika siku ya kwanza, kwa mdomo. Mwaka 1984 daktari John Ewing wa North Carolina alichapisha maswali manne mafupi ya kutambua ulevi, na la nne lilihusu kinywaji cha asubuhi cha kutuliza neva au kuondoa uchovu wa jana. Watanzania wana kitenzi chake, kuzimua. Kenya tunasema kutoa loki. Hakuna haja ya kutafsiri swali lile kwa sentensi ndefu.

«Mzee, asubuhi huwa unatoa loki?»

«Kidogo tu, sista.»

«Na usipoitoa, mikono inakuwaje?»

Jibu la swali hilo la pili lina thamani kuliko idadi ya chupa, ambayo karibu kila mtu huipunguza mbele ya muuguzi. Wapo wanaotoa loki kwa sababu ya kichwa cha asubuhi tu. Hao wanaumwa na pombe waliyokunywa. Anayetetemeka hadi aipate anaumwa na pombe aliyoikosa, na huyo ndiye wa kuandikwa mapema. Huku kwetu muulize pia miraa na muguka. Wengi huzitafuna mchana kisha hunywa pombe kali usiku ili usingizi uje, na moyo unaoenda mbio kwa majani hayo unaweza kumpotosha anayepima.

Kipimo kinachotumika sana, CIWA-Ar cha mwaka 1989, kina vipengele 10 na alama 67 kwa jumla: kichefuchefu, mtetemo, jasho, wasiwasi, fadhaa, kuumwa kichwa, mambo anayoyahisi ngozini, anayoyasikia, anayoyaona, na kama anajua alipo na tarehe ya leo. Chini ya alama 8 hadi 10 hali ni nyepesi. Zikipita 15 ni nzito. Hapa lugha inaingia tena. Zaidi ya nusu ya vipengele hutegemea maneno ya mgonjwa, na mzee wa Igembe au Mbeere aliyechanganyikiwa hurudi kwenye lugha ya mama. Akiulizwa kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili kigumu, atapewa alama za kuchanganyikiwa ambazo hakuzistahili, au atanyamaza na kuonekana mtulivu. Muuguzi anayejua Kimeru au Kiembu ana chombo ambacho fomu haikitoi.

Dawa ni diazepamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huanza na hadi miligramu 40 kwa siku zikigawanywa, kisha kupunguza kwa siku 3 hadi 7. Mwenye ini bovu hupewa kidogo sana na kutazamwa upumuaji wake. Klopromazini, inayochukuliwa haraka mtu akipiga kelele usiku, hurahisisha degedege, na haifai kupewa peke yake. Vitamini B1, yaani thiamini, hutangulia maji yenye glukosi, kwa sababu sukari inayoingia katika mwili usio na vitamini hiyo inaweza kuharibu ubongo: macho yanachezacheza, miguu inayumba, kumbukumbu inapotea moja kwa moja. Sukari ya damu ikiwa imeshuka, vyote viwili hutolewa pamoja bila kungoja.

Yanayobaki hayana bei, nayo ndiyo uuguzi wenyewe. Taa iachwe ikiwaka usiku, maana vivuli hugeuka watu. Muuguzi mmoja amshughulikie zamu nzima ikiwezekana, ajitaje jina kila anaporudi, amwambie ni siku gani na hapa ni wapi. Ndugu mmoja aruhusiwe kukaa naye hata baada ya saa za wageni. Asibishane naye juu ya wadudu. Amwambie kwamba yeye hawaoni, na kwamba yuko salama. Vyuma vya kando ya kitanda viinuliwe, hasa kwa yule ambaye mguu wake umefungwa uzito, kwa maana ataamka akatembee. Akipata degedege alazwe kwa ubavu na asitiwe kijiko mdomoni. Kumfunga kamba humwongezea hofu, joto na jasho, na dawa iliyotolewa kwa wakati huondoa haja hiyo mara nyingi.

Embu ina sababu ya pekee ya kuwa makini. Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu wengi mjini humo na katika kaunti nyingine kadhaa, na Februari 2024 pombe ya sumu iliua tena huko Kirinyaga, kaunti jirani. Mgonjwa wa methanoli naye huchanganyikiwa na kutapika, ila huona ukungu au giza na huhema kwa kina, na tiba yake mojawapo ni pombe safi inayotolewa na daktari kwa kipimo. Swali la macho, basi, lisisahaulike kwa mlevi yeyote aliyechanganyikiwa.

Baada ya misiba kama hiyo hufuata msako. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza viongozi wa eneo la Kati waangamize pombe haramu, na msako mwingine ukaja Machi 2024. Naelewa hasira ya akina mama waliomwaga mapipa. Lakini kijiji kizima kikifungiwa pombe kwa siku moja, wapo watakaokatikiwa kwa pamoja, na zahanati ya karibu inapaswa kujulishwa kabla ya pipa la kwanza kumwagwa.

Kila anayekatikiwa mara nyingi huelekea kupata degedege kwa urahisi zaidi mara inayofuata. Ndiyo maana karatasi ya kutoka hospitalini isiandike «mlevi» wala «kuchanganyikiwa akili» tu. Iandike kwamba alipata ugonjwa wa kukatikiwa na pombe, siku ya ngapi, kama alipata degedege, na alipewa diazepamu kiasi gani. Aondoke na thiamini na nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo hupigwa bure. Mkewe aelezwe kwamba mumewe akitaka kuacha asiache kwa siku moja akiwa nyumbani peke yake, aje aachishwe. Na atakayeipokea karatasi hiyo mwaka ujao Chogoria au Maua, mguu mwingine ukiwa umevunjika, ataanza kuhesabu saa kabla jasho halijatoka.