Vumbi la Kuletwa Nyumbani

Ukitafsiri Kiingereza "second-hand asbestos" neno kwa neno utapata "asbesto ya mkono wa pili", na msomaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, atadhani ni mtumba unaofunguliwa marobota pale soko la Karume. Kinachosemwa ni kingine kabisa: fundi anarudi nyumbani kutoka kazini na vumbi la asbesto kwenye ovaroli, nywele na viatu, kisha mkewe na watoto wanalivuta.

Baadhi ya maandishi ya afya huita hali hiyo "mfiduo". Silipendi. Kufidua ni kubinua, kama mwenye dharau anavyofidua mdomo, na fundi wa gereji pale Gerezani haambulii kitu hapo. "Vumbi la kuletwa nyumbani" ni refu, sawa, lakini linataja lilikotoka na linakoishia.

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi yasiyoungua. Yalichanganywa na saruji kutengeneza yale mapaa ya kijivu, yakatiwa pia kwenye breki na klachi. Paa likiwa zima halina hatari kubwa. Ngoma ni pale linapovunjwa kwa nyundo, au fundi anapofungua breki ya zamani yenye asbesto na kuipuliza kwa kompresa. Nyuzi zinazoruka ni nyembamba mno kuonekana kwa macho, kitambaa cha kuziba pua hakizizuii, na zikifika mapafuni mwili hauwezi kuziyeyusha.

Mwaka 1965, Newhouse na Thompson walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa mesotelioma jijini London. Mesotelioma ni saratani ya utando unaofunika mapafu au viungo vya tumboni. Kati ya wagonjwa 76 ambao historia zao zilipatikana, 31 walikuwa wamefanya kazi na asbesto. Wengine 9 walikuwa wameishi tu na mfanyakazi wa asbesto, wengi wao wake waliofua nguo za waume zao. Kufua kwenyewe huanza na kukung'uta, na hapo ndipo vumbi huamka. Nguo ya kazi yenye vumbi hilo isiletwe nyumbani. Ikibidi kuletwa, ifungwe kwenye mfuko, iloweshwe kabla ya kuguswaguswa, ifuliwe peke yake.

Nchini Tanzania, mwenye kiwanda anaweza kubanwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 aweke sehemu ya kubadilishia nguo. Fundi anayefanyia kazi kando ya barabara hana bosi wala bafu, hubadilisha nguo akifika chumbani, mbele ya mtoto.

Kuna jambo jingine. Mesotelioma huchukua miaka 20 hadi 40, pengine zaidi, kujitokeza. Mama aliyefua ovaroli mwaka 1988 akifika leo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road na maji kwenye kifua, ataulizwa kazi yake. Atajibu: mama wa nyumbani. Fomu ya hospitali ingehitaji mstari mmoja zaidi, wa kuuliza nyumbani mwake nani alikuwa akifanya kazi gani, na nguo zake alizifua nani.