Diski Shingoni

Mvishe mtoto wa mtaa wa Fedha, Nairobi, kaptula ya kaki, umkalishe siku moja katika darasa la zamani. Kengele ya kipande cha reli, ukaguzi wa kucha paredi, kiranja na orodha yake ya wapiga kelele: yote atayacheka. Kitakachomduwaza ni diski.

Ilikuwa kipande cha mbao, bati au mfupa, kimetungwa uzi. Aliyenaswa akisema Kiswahili au lugha ya mama alivishwa, naye akaanza kuvizia wa kumvisha. Mwalimu hakuhitaji kusikiliza. Dawati lilisikiliza kwa niaba yake. Mimi nilijua kunyamaza mapumziko mazima kabla sijajua kutunga sentensi moja ya Kiingereza.

Fedha ni mtaa mchanga kwa hesabu ya Eastlands. Ukipita Jogoo Road kuelekea mjini, miaka inarudi nyuma: Buruburu ya miaka ya 1970, Kaloleni ya miaka ya 1940, kisha Pumwani, kongwe kuliko hizo. Katika mitaa ya Waafrika kama Kaloleni na Pumwani, Mluo alipakana ukuta na Mkamba, kwa hiyo enzi za mkoloni watoto wadogo walianza kusoma kwa Kiswahili. Naam, kwa mkoloni.

Mwaka 1957 ndipo mbinu ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ilipoanza kujaribiwa Nairobi, kwanza katika shule za Wahindi. Wazazi Waafrika nao waliitaka, kwani Kiingereza ndicho kilichofungua milango ya ofisi. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 iliibariki. Tume hiyohiyo ilitaka Kiswahili kiwe somo la lazima, lakini CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, haukukiuliza, na somo lisilotahiniwa mwalimu gani atalihangaikia? Ilibidi kungoja mfumo wa 8-4-4, mwaka 1985, ndipo kitahiniwe. Mwalimu wa Kiswahili akaanza kudai insha yenye methali, huku diski ikiendelea kuzunguka nje ya kipindi chake.

Waliosoma wakati huo huanza na maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti ya pembetatu yaliyogawiwa shuleni, ndipo wafike kwenye diski. Siwalaumu.

Siku ya mtoto wetu ikifika jioni, kiboko hakitaigizwa. Kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kilichobaki kinaweza kufanywa vilevile: aliye na diski anasimama, anamtaja aliyemvisha, huyo naye anasimama na kumtaja wake, mpaka wa kwanza wa asubuhi.