Msosi mezani, picha ukutani, vazi jukwaani: Migahawa ya aina hii inaendeshwaje?

Kuna migahawa ambayo mteja anaingia na njaa, anatoka ameshiba, na mkononi amebeba picha ya kuchora au gauni ambalo hakupanga kununua. Ni migahawa ya hadhi ya juu, inayotumia kuta zake kuonyesha sanaa na ukumbi wake kuonyesha mitindo ya mavazi.

Nairobi iliwahi kuwa na mahali pa namna hiyo kwa miaka mingi. Mjini Zürich, Uswisi, upo mmoja maarufu hadi leo. Dar es Salaam nayo iliwahi kuwa na ndugu yake wa karibu, mwendo wa miguu tu kutoka kata ya Mchafukoge.

Kwa mteja ni raha tupu. Kwa wasanii kuna swali zito. Mpishi ana mshahara, na chakula kinalipiwa usiku uleule. Je, mchoraji ambaye picha yake imepamba ukuta, na fundi ambaye vazi lake limepita jukwaani, wanaondoka na nini?

MCHAFUKOGE INA KILA KITU, ILA VIMETAWANYIKA

Mchafukoge ni kata ya katikati ya jiji, jirani na Kariakoo, Kisutu na Upanga. Enzi za ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kwa matabaka: Uzunguni kwa Wazungu, Uhindini kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na Kariakoo kwa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati kama mpaka. Mitaa hii ikakua ikiwa ya maduka chini, makazi juu.

Mpaka leo anayetaka kanga za jumla anakwenda Mtaa wa Uhuru, na vitambaa vya kila aina vinapatikana hatua chache kutoka hapo. Mafundi cherehani wapo, masonara wapo.

Chakula ndiyo usiseme. Jioni moshi wa mishkaki na kuku wa kuchoma unatanda mitaani. Kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, Mamboz imejijengea jina kwa kuku wake. Kuna kachori, bajia, urojo, chipsi mayai na juisi ya miwa.

Kwa hiyo kitambaa kipo, ufundi upo, mapishi yapo. Ila kila kimoja kinauzwa kivyake, na mteja anakula akiwa amesimama au amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mgahawa wa sanaa na mitindo unaviweka vyote chini ya paa moja, kisha unatoza bei ya mahali penye hadhi.

NAIROBI: AFRICAN HERITAGE

Mfano wa Afrika Mashariki unaokumbukwa zaidi ni African Heritage ya Nairobi. Ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1970 na Joseph Murumbi, mkewe Sheila, na Mmarekani Alan Donovan. Murumbi hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, akaachia nafasi hiyo ndani ya mwaka huohuo. Mapenzi yake makubwa yalikuwa vitabu, stempu, nguo na sanaa za Afrika.

Donovan alifika Afrika kwanza kupitia Nigeria, wakati wa vita vya Biafra, akiwa mfanyakazi wa shirika la misaada la Marekani. Baadaye akaja Kenya, akavutiwa na kazi za mikono za Waturkana, akazikusanya na kuzifanyia maonyesho Nairobi. Hapo ndipo njia yake na ya Murumbi zilipokutana.

Walichokijenga kilikuwa duka la sanaa kutoka pande nyingi za Afrika, karakana ya mapambo ya shanga, na pia mgahawa wenye muziki wa jukwaani. Bendi yake, African Heritage Band, ndimo alimopitia Ayub Ogada, mpiga nyatiti ambaye wimbo wake Kothbiro ulikuja kusikika kwenye filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005.

Upande wa mitindo, Donovan aliandaa maonyesho ambayo wanamitindo walipita na nguo za kufumwa na mapambo ya Kiafrika, huku ngoma zikipigwa. Maonyesho hayo yalisafiri hadi Ulaya na Marekani.

Duka lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini kazi haikupotea yote. Sehemu ya hazina ya Murumbi, aliyefariki mwaka 1990, imehifadhiwa kwenye jengo la Nyaraka za Taifa la Kenya katikati ya Nairobi. Nyumba ya Donovan, iliyojengwa kwa mtindo wa majengo ya udongo ya Afrika Magharibi na kutazamana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ilitangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2016, baada ya kuwa hatarini kupisha reli mpya. Donovan alifariki mwaka 2021.

DAR: NYUMBA YA SANAA

Wakati huohuo, Dar es Salaam nayo ilikuwa na lake. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972, na aliyekuwa mstari wa mbele ni Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll. Baadaye ilipata jengo lake, jirani na hoteli ambayo sasa inaitwa Serena. Mtu akitoka Mchafukoge hana haja ya kupanda daladala.

Haikuwa mgahawa wa kifahari. Ilikuwa karakana kwanza, duka pili. Wasanii walichora, wakachonga, wakachapa vitambaa, na wageni waliweza kuwatazama wakifanya kazi, kununua na kuangalia ngoma.

Hapo ndipo alipojulikana George Lilanga, Mmakonde kutoka kusini, ambaye kazi yake ya kwanza pale ilikuwa ulinzi wa usiku. Mchana akawa anachora na kuchonga mashetani yake yenye masikio makubwa na vitumbo. Kazi zake zikafika kwenye maonyesho ya Marekani, Ulaya na Japani kabla hajafariki mwaka 2005.

Leo Nyumba ya Sanaa haipo tena mahali pale. Ardhi ya katikati ya jiji ina bei, na picha ukutani haziwezi kushindana na ghorofa.

ZÜRICH: PESA YA VITAMBAA ILIYOPAMBA KUTA

Mfano wa mbali unaofaa kutazamwa na wafanyabiashara wa Mtaa wa Uhuru ni Kronenhalle, mgahawa wa mjini Zürich. Hulda Zumsteg na mumewe waliuchukua miaka ya 1920. Mtoto wao, Gustav, akaingia kwenye biashara ya hariri, akawa anawauzia vitambaa wabunifu wakubwa wa Paris, akiwemo Yves Saint Laurent.

Faida ya vitambaa ndiyo iliyonunua picha. Mteja wa Kronenhalle anakula chini ya kazi halisi za wachoraji kama Chagall, Miró na Picasso. Yaani muuza vitambaa ndiye aliyeufanya mgahawa wa mama yake ujulikane duniani.

Hapa kuna tofauti ya kuzingatia. Kuta za Kronenhalle haziuzwi: picha zilishanunuliwa, wachoraji walishalipwa. Migahawa mingi ya sasa hainunui. Inatundika picha za msanii kwa makubaliano, ikisubiri mteja.

PESA INAGAWANYWAJE?

Kuna njia tatu za kawaida.

Ya kwanza, mgahawa unanunua kazi moja kwa moja. Msanii analipwa siku hiyohiyo, basi.

Ya pili, mgahawa unakodi picha kwa miezi kadhaa, kisha unabadilisha. Msanii anapata kodi hata kama hakuna aliyenunua.

Ya tatu, na ndiyo inayotumika sana, ni kamisheni. Picha inatundikwa bure, ikiuzwa wanagawana. Kwenye majumba ya sanaa, mwenye ukumbi mara nyingi anachukua kati ya theluthi moja na nusu ya bei.

Chukua mfano wa picha ya sh 600,000 kwa kamisheni ya asilimia 40. Mgahawa unabaki na sh 240,000, msanii anapata sh 360,000. Humo ndani atoe turubai, rangi, fremu na nauli. Isipouzwa, mgahawa umepambwa miezi mitatu bila kutoa senti, na msanii anarudi nyumbani na picha yenye harufu ya jikoni.

Kwenye mitindo hali inafanana. Mbunifu anagharamia kitambaa, fundi na wanamitindo, halafu anaambiwa malipo yake ni "kujulikana". Kujulikana kunasaidia kweli: Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008, imewapa wengi jukwaa. Ila jukwaa la maonyesho lipo kwa ajili ya wabunifu. Mgahawa unauza meza usiku ule, na meza zikijaa kwa sababu ya mavazi, mbunifu ana haki ya kuuliza fungu lake.

Makubaliano ya maandishi yanamaliza ugomvi mapema. Yataje bei, kamisheni, muda, siku ya malipo, na nani analipa picha ikiungua, ikilowa au ikiibiwa.

UKIENDA KULA, ZINGATIA HAYA

Weka nafasi mapema, hasa usiku wa maonyesho. Uliza kama kuna utaratibu wa mavazi, na kama usiku huo ni menyu ya bei moja au unachagua mwenyewe.

Uliza bei kabla ya kuagiza. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Sehemu nyingine bei ya menyu imeshajumuisha kodi, nyingine inaongezwa mwishoni pamoja na gharama ya huduma. Bili ya sh 100,000 ikiongezewa VAT inakuwa sh 118,000. Dai risiti ya EFD.

Ukipenda picha, omba orodha ya bei na jina la aliyeichora. Kuwa makini na picha za mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo huo Dar es Salaam miaka ya 1960, aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu mwaka 1972. Nyingi zinazouzwa leo ni za wanafunzi na wafuasi wao. Hakuna ubaya, mradi bei na jina vilingane.

Kumbuka pia kwamba kununua picha si kununua hakimiliki. Unaweza kuitundika sebuleni. Kuichapa kwenye fulana za kuuza ni jambo jingine, linahitaji ruhusa ya msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda, na COSOTA ndiyo inayosimamia.

JE, INAWEZEKANA MCHAFUKOGE?

Atakayejaribu itabidi aujue mtaa. Sehemu nyingi za kula hapa ni halali na haziuzi pombe, wakati migahawa mingi ya kifahari kwingineko inategemea faida ya baa. Mwezi wa Ramadhani ratiba inabadilika: mchana kumelala, baada ya futari watu wanajaa. Maegesho ni shida, na majengo ya zamani yenye kumbi za kuvutia yanaendelea kupisha maghorofa.

Upande wa pili, gharama ya malighafi ni ndogo kwa sababu iko nje ya mlango. Doti ya kanga ina pindo, mji na jina, sanaa iliyokwisha kukamilika kabla hata haijafika kwa fundi. Vyakula vya mtaa vina historia ya Pwani, Uhindi na Uarabuni kwenye sahani moja.

Nyumba ya Sanaa na African Heritage zote zilitoa majina makubwa, na zote hazipo tena. Kronenhalle ipo, na kilichotundikwa kwenye kuta zake kilishalipiwa. Anayefikiria kufungua mahali pa namna hii aanze na hesabu hiyo kabla ya kuchagua rangi ya vitambaa vya meza.